Nani Anapima? Maikrowevu, Hofu Zetu na Ukaguzi Unaoishia Bandarini

Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha palikuwa na chumba kidogo cha chai nyuma ya ofisi za walimu. Ndani yake mlikuwa na meza, birika la umeme na jiko la maikrowevu lililochoka. Bawaba ya juu ya mlango wake ilikuwa imelegea, na mtu fulani aliona busara kuushikilia mlango huo kwa selotepu. Ukutani, juu ya jiko, mwenzetu mmoja alikuwa amebandika karatasi yenye ujumbe uliokuwa ukizunguka katika simu: kwamba maikrowevu huua virutubisho vyote, huleta saratani, na kwamba Warusi waliipiga marufuku zamani. Kwa sababu ya karatasi hiyo walimu wengi hawakuligusa jiko lile. Walimpa mabakuli yao mhudumu wa usafi, mama wa makamo, awapashie chakula.

Siku moja nilimkuta ameufungua mlango kabla muda haujaisha. Sahani iliendelea kuzunguka na muungurumo haukukatika. Nilichomoa waya ukutani kwanza, ndipo nikauliza.

"Shikamoo mama. Limeanza lini hili?"

"Marahaba mwalimu. Tangu fundi alitengeneze. Mwanzo lilikuwa linaunguza fyuzi kila mara, sasa halisumbui. Ila nikitia mkono kuchukua bakuli nahisi joto. Nadhani ni mvuke wa chakula."

Haukuwa mvuke peke yake. Nilipeleka taarifa ofisi ya utawala. Afisa aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulimaliza jambo: "Mwalimu, jiko lile lina alama ya ubora."

Nimeikumbuka siku ile mara nyingi, kwa kuwa ndani ya chumba kimoja zilikutana namna mbili za kukwepa ukweli. Ukutani palikuwa na hofu isiyopima kitu. Nyuma ya jiko palikuwa na alama iliyopimwa mara moja, mahali pengine, miaka mingi iliyopita. Kati ya hofu na alama alisimama mwanamke mmoja na mkono wake ndani ya jiko, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyewahi kuuliza swali jepesi kuliko yote: nani anapima?

Tuanze na karatasi ya ukutani, maana uongo wake una gharama. Neno "mionzi" limebebeshwa mzigo mzito katika lugha yetu. Kwa neno hilo hilo tunataja miale ya jua, eksirei ya hospitali, madini ya urani na bomu la Hiroshima. Mtu akisikia kwamba jiko lake linatoa mionzi, fikra zake zinakimbilia Hiroshima. Lakini mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mawimbi ya redio na ya simu. Ndani ya jiko, kifaa kiitwacho magnetroni hutoa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45, yenye urefu wa kama sentimita 12. Mawimbi hayo hutikisa molekuli za maji zilizomo katika chakula, na mtikisiko huo ndio joto tunalolipata. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomu, wala ya kuvunja vinasaba kama iwezavyo eksirei. Jiko likizimwa mawimbi yanakoma papo hapo, na chakula hakibaki na mionzi, kama ambavyo chumba hakibaki na mwanga taa ikizimwa.

Hadithi ya Warusi nayo ni hadithi tu. Ni kweli kwamba Urusi ya Kisovieti ilikuwa na viwango vikali kuliko vya Marekani kwa wafanyakazi waliokaa karibu na mitambo ya mawimbi haya. Lakini viwanda vyake vyenyewe vilitengeneza majiko ya maikrowevu, na katika miaka ya 1980 raia wake waliyanunua. Ama virutubisho, hivyo hupungua kwa kila namna ya kupika. Mboga iliyochemshwa muda mrefu katika maji mengi hupoteza vitamini C nyingi kuliko iliyopashwa kwa dakika chache.

Nasema uongo huu una gharama kwa sababu mtu anayeogopa kila maikrowevu hawezi kulitofautisha jiko zima na jiko bovu. Kwake yote ni sumu. Na yule asiyeamini uvumi, akiisha kuucheka, huona kuwa hakuna hatari yoyote, hivyo anaendelea kutumia mlango wa selotepu. Uvumi umetufikisha mahali ambapo anayeogopa na anayecheka hawaangalii mlango.

Sasa twende kwenye alama. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 1971 zinasema kwamba jiko jipya, kabla halijauzwa, lisivujishe zaidi ya miliwati 1 kwa kila sentimita ya mraba, likipimwa umbali wa sentimita 5 kutoka katika uso wake. Baada ya kuuzwa, kwa uhai wake wote, lisizidi miliwati 5. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, nayo imeweka ukomo wa wati 50 kwa mita ya mraba, kiasi ambacho ni sawa na miliwati 5 hizo hizo.

Kiwango hicho kiko chini sana ya kiasi kinachojulikana kumdhuru mtu. Tena mawimbi yakitoka hutawanyika upesi: mtu aliyesimama nusu mita kutoka jikoni hupata kama sehemu moja ya mia ya kinachopimwa kwenye sentimita 5. Kwa hiyo mwenye jiko zima, ambalo mlango wake unafunga sawasawa, hana sababu ya kukosa usingizi. Hili nalisema wazi ili nisije nikahesabiwa miongoni mwa wabandika karatasi.

Lakini tazama tena maneno yale: kwa uhai wake wote. Waliotunga kanuni walijua kwamba bawaba hulegea, mlango hupinda, kingo zake hujaa mafuta na makombo, na mtoto huuning'inia. Ndiyo maana waliweka kiwango kimoja cha kiwandani na kingine cha jikoni. Alama iliyo nyuma ya jiko ni ushahidi wa siku ya kuzaliwa kwake. Haisemi lolote juu ya afya yake leo.

Tena ulinzi wote wa jiko hili umo mlangoni. Wavu wa chuma unaouona nyuma ya kioo una matundu madogo mno kuliko urefu wa wimbi la sentimita 12, kwa hiyo mwanga hupita nawe unaona chakula chako, lakini mawimbi hayapiti. Kingo za mlango zimeundwa kwa ustadi ili kuzuia mawimbi yasipenye pembeni. Zaidi ya hayo kuna swichi angalau mbili zinazojitegemea, ambazo hukata umeme wa magnetroni mara tu mlango unapofunguliwa. Katika majiko mengi ipo na ya tatu, inayozilinda zile mbili: zikikwama, hii huunguza fyuzi makusudi ili jiko life kabla halijamdhuru mtu.

Sasa rudi kwenye maneno ya yule mama: mwanzo lilikuwa linaunguza fyuzi kila mara. Huenda jiko lile lilikuwa likipiga kelele kwa lugha pekee lililofundishwa. Fundi wetu hakufundishwa lugha hiyo. Alichokifanya ni kile tunachokiona kila siku katika redio, pasi na majokofu yetu: aliunga waya moja kwa moja, akalinyamazisha. Akalipwa, akasifiwa, akaondoka. Simlaumu kwa ubaya wa moyo. Yeye mwenyewe alikuwa katika hatari kubwa kuliko sisi sote, kwa kuwa ndani ya jiko la namna hiyo mna transfoma na kapasita zinazofikisha umeme wa volti elfu kadhaa, na kapasita inaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Madhara ya mawimbi yenyewe, yakivuja kwa wingi, ni ya joto. Huunguza mwili kuanzia ndani kidogo ya ngozi. Sehemu zilizo dhaifu zaidi ni zile zisizo na damu ya kutosha kuliondoa joto: lenzi ya jicho, ambayo inaweza kuingia ukungu tunaouita mtoto wa jicho, na korodani. Madhara haya hayapatikani kwa kusimama karibu na jiko zima. Yanahitaji mawimbi makali, kama yale yanayoweza kumfikia mtu anayetia mkono na kuinamisha uso mbele ya jiko linaloendelea kuwaka mlango ukiwa wazi. Yaani yanahitaji hali ile ile niliyoikuta katika chumba chetu cha chai.

Kwa wanaodhani kwamba kupima ni jambo la wasiwasi tu, nitawapa mfano kutoka Parkes, Australia. Huko kuna darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 64, inayosikiliza mawimbi ya nyota za mbali. Tangu mwaka 1998 darubini hiyo ilikuwa ikinasa mipigo mifupi ya ajabu ambayo wataalamu walishindwa kuieleza. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake walipata jibu. Chanzo kilikuwa majiko ya maikrowevu ya pale pale kituoni. Mtu mwenye haraka alipoufungua mlango kabla muda haujaisha, magnetroni ikiwa inazimika, mpigo wa sehemu ndogo ya sekunde ulichomoka na kunaswa na darubini. Mpigo huo ulikuwa hafifu, na darubini ile imeundwa kunasa vitu hafifu. Ninachokitaka katika kisa hiki ni namna walivyofika kwenye jibu. Hawakubandika karatasi ukutani, wala hawakuridhika na alama ya kiwandani. Walichukua vifaa, wakaenda jikoni, wakafungua na kufunga mlango, wakapima.

Wala msidhani kwamba kanuni ninazozitaja zilizaliwa na ukarimu wa wenye viwanda. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ilikiri kwamba baadhi ya televisheni zake kubwa za rangi zilikuwa zikivujisha eksirei kupita kiasi. Wamarekani walighadhibika, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme. Kutokana na sheria hiyo ndipo ikapatikana kanuni ya maikrowevu ya mwaka 1971. Hata baada ya hapo, mwaka 1973, chama cha walaji kiitwacho Consumers Union kiliyapima majiko yaliyokuwa sokoni na kikakataa kupendekeza hata moja. Wenye viwanda walilalamika kwamba chama kimezidisha tahadhari. Labda kilizidisha. Lakini kilikuwa na kipimo mkononi, na mjadala ukawa juu ya tarakimu, si juu ya ndoto.

Sisi je? Tanzania ina Shirika la Viwango, TBS. Ina Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, ambayo wataalamu wake wamekuwa wakipima hata mawimbi ya minara ya simu. Ina Tume ya Ushindani inayopambana na bidhaa bandia. Tangu mwaka 2012 upo utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Siwabezi watumishi wa taasisi hizi. Baadhi yao nimewafundisha, na najua wanavyofanya kazi kwa vitendea kazi haba. Lakini ukaguzi wetu umejengwa kwa fikra ya kwamba bidhaa ikishavuka lango la bandari imekwisha kuwa salama milele.

Jiko la maikrowevu haliishi hivyo. Linauzwa jipya, linatumika, linaanguka wakati wa kuhama nyumba, linatengenezwa, linauzwa tena. Mengi tunayoyaona yamepangwa katika maduka ya vifaa vilivyotumika, Dar es Salaam na Unguja, yamekwisha kuishi maisha mazima huko Dubai au Ulaya kabla ya kufika kwetu. Muuzaji anakuonyesha kwamba linawaka. Anatia kikombe cha maji, maji yanapata moto, biashara inakwisha. Nauliza hadharani, na ningefurahi kujibiwa hadharani: ni ofisi gani yenye wajibu wa kupima uvujaji wa jiko hilo lililotumika? Ni nani anayepita katika kantini za vyuo, hospitali na wizara kupima yaliyomo humo? Katika miaka yangu yote ya kufundisha nimewaona wakaguzi wa mitungi ya kuzimia moto wakija na kubandika tarehe. Sijamwona hata mmoja aliyekuja na kipima uvujaji.

Wapo watakaoniambia kwamba hili ni suala la anasa. Wengi wa Watanzania wanapikia kuni na mkaa, na moshi unawaua. Nakubali. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Ukiweka jiko zima la maikrowevu upande mmoja na jiko la mkaa katika chumba kisicho na dirisha upande wa pili, sina shaka lipi linaua. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukiwa na lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Maana yake ni kwamba vifaa vya umeme vya kupikia vitaingia katika nyumba ambazo leo hazina hata kimoja. Je, tutaviingiza kwa utamaduni ule ule wa selotepu na waya wa fundi? Mtu anayeacha mkaa kwa kuiamini serikali yake ana haki ya kukuta kwamba kifaa alichoambiwa ni salama kina mtu anayekiangalia.

Sasa nimalize kisa cha jiko letu. Baada ya malalamiko yangu kuandikwa kwa barua mara mbili, liliondolewa katika chumba cha chai na kuletwa jipya. Nilidhani nimeshinda. Wiki chache baadaye, nikitoka darasa la jioni, nilisikia muungurumo nilioufahamu. Jiko lile lilikuwa katika kibanda cha walinzi langoni, selotepu mpya, na kijana mmoja wa zamu ameinama mbele yake akisubiri ugali wake upate moto. Chuo kilikuwa kimelipima jiko kwa namna yake: kiliona halifai kwa mwalimu, likafaa kwa mlinzi. Nililichomoa tena, na safari hii niliomba mkasi nikakata waya wake kwenye plagi. Nilipata barua ya onyo kwa kuharibu mali ya chuo. Ninayo mpaka leo.

Hapo ndipo suala la mawimbi linapokuwa suala la siasa. Hatari katika nchi yetu haiondolewi, inashushwa. Gari lililochoka mjini linapelekwa kijijini, na kiti kilichovunjika cha mkurugenzi kinakuwa kiti cha karani. Kila inaposhuka ngazi moja, mwenye kuipokea ana sauti ndogo ya kuandika barua.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, kila taasisi ya umma yenye jiko la maikrowevu ilipime mara moja kwa mwaka na kubandika tarehe, kama inavyofanya kwa mitungi ya moto. Pili, jiko lililotumika lisiuzwe bila kupimwa uvujaji, na aliyelipima aandike jina lake kwa Kiswahili kinachosomeka. Tatu, vyuo vya ufundi viwafundishe mafundi kwamba swichi za mlango na fyuzi hazirukwi kwa waya, na kwamba kapasita huondolewa chaji kabla ya kuguswa. Fundi anayezirusha awajibike. Nne, jiko bovu livunjwe, lisigawiwe.

Kwa wanafunzi wa fizikia na uhandisi, msisubiri waziri. Vipima vilivyosawazishwa vipo duniani na havihitaji maabara kubwa. Pimeni majiko ya chuo chenu, andikeni tarakimu, zichapisheni. Msitumie ule mchezo wa kuweka simu ndani ya jiko na kuipigia. Simu imeundwa kunasa mawimbi hafifu mno, kwa hiyo kuita kwake hakukuambii kama jiko limevuka kiwango.

Na wewe msomaji, leo usiku uangalie mlango wako. Ukiwa umepinda, bawaba imelegea, haufungi kwa mlio wake wa kawaida, au jiko linaendelea kuunguruma mlango ukiwa wazi, chomoa waya na usilitumie tena. Futa kingo zake. Usilitengeneze kwa mtu anayekuahidi kwamba halitaunguza fyuzi tena. Zaidi ya yote, usimpe mtu mwingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao walijua kwamba kabla ya kuziba ufa lazima mtu ainame autazame. Yule mama wa chumba cha chai aliinama kila siku kwa ajili yetu, bila kuambiwa kilichokuwa mbele ya uso wake. Alistahili mtu mmoja mwenye kipima. Walimu tulikuwa arobaini na kitu katika jengo lile, na baadhi yetu tulifundisha sayansi.